Betri ya Gari la Kupelekea Mizigo: Soma Namba Kwanza, Bei Baadaye

Ukiuza mtandaoni, mteja hanunui bidhaa peke yake. Ananunua na ile ahadi ya "mzigo unafika leo". Kama unapeleka mwenyewe kwa kirikuu, IST au Probox, ahadi hiyo imekaa juu ya betri. Siku betri ikigoma, oda zinalala, simu zinaanza kuita, na yule wa kulipa akishapokea anakwambia "basi acha, nimepata kwingine".

Hela ya betri inauma. Ila inauma zaidi ukiinunua mara mbili kwa sababu ya kwanza haikuwa yenyewe. Wengi tukifika dukani tunauliza: "Betri ya IST bei gani?" Swali hilo halitoshi. Twende hatua kwa hatua.

1. Hakikisha mwenye kosa ni betri
Kabla hujatoa hela, mwambie fundi umeme apime kwa mita. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Kisha awashe injini: kwa magari mengi mita inatakiwa ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, shida iko kwenye altaneta au mkanda wake. Hapo hata ufunge betri mpya, nayo itakwisha tu.

Angalia pia taminali. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Wakati mwingine kusafisha na kukaza kunatosha, unarudi barabarani bila kununua kitu.

Na jua hili: kazi yetu inachosha betri. Unawasha, unaenda mtaa wa pili, unazima, unawasha tena. Stata inakula umeme mwingi na safari fupi haitoshi kuurudisha. Ukiwa umepaki unamsubiri mteja, usiache taa, redio na chaja ya simu vikifanya kazi injini ikiwa imezimwa.

2. Piga picha betri ya zamani
Fungua boneti, piga picha namba. Kwa magari ya Japani utakuta kitu kama 46B24L. Isome hivi:
- 46 ni nguvu. Ikiwa kubwa zaidi, betri ina nguvu zaidi.
- B ni kundi la upana na kimo. B ni nyembamba, D ni pana.
- 24 ni urefu, kama sentimita 24.
- L ni upande wa taminali.

Dukani unaweza kuambiwa "NS60". Usishtuke, hilo ni jina la zamani la 46B24.

Angalizo: gari ulilonunua mkononi mwa mtu huenda lilishafungwa betri isiyo yake. Linganisha na kitabu cha gari, na uangalie kama betri iliyopo inakaa vizuri kwenye trei na kubanwa na kibano chake. Betri inayocheza huharibika mapema kwa mtikisiko wa barabara zetu.

3. L na R si mapambo
Weka betri taminali zikiwa upande wako. L ina chanya (+) mkono wa kulia, R ina chanya mkono wa kushoto. Ukinunua ya upande mwingine, waya hazitafika, au fundi atazivuta kwa nguvu. Zikifungwa kinyume unaweza kuunguza fyuzi, altaneta na hata kompyuta ya gari.

Kwenye kundi B angalia pia unene wa taminali. 46B24L ina nyembamba, 46B24LS ina nene. Herufi moja tu, ila ukikosea utaishia kufunga na vipande vya bati.

4. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni
Kama gari lako lina mfumo huo, betri yake ni ya aina maalumu na namba zake huandikwa kama M-42, N-55 au Q-85. Ukifunga ya kawaida kwa sababu ni rahisi, itachoka haraka. Haibridi kama Aqua nazo zina betri ndogo ya volti 12, mara nyingi iko nyuma ndani ya gari, na ina kibomba cha kutolea hewa nje. Nunua ya aina hiyo hiyo.

5. Usilipie usichohitaji
Ah ni akiba ya umeme. Usishuke chini ya ile ya mwanzo. Kupanda kidogo ni sawa kama betri inaenea kwenye nafasi yake. CCA ni nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiwa Dar au Tanga, adui wako ni joto, kwa hiyo usiongeze hela nyingi kwa ajili ya CCA kubwa tu.

Na "betri kavu" si kavu kweli. Ndani ina asidi, tofauti ni kwamba huhitaji kuongeza maji.

6. Tarehe, pima, risiti
Betri hupungua chaji hata ikiwa imekaa rafuni. Uliza tarehe ya kutengenezwa, chagua isiyozidi miezi sita, na ipimwe mbele yako. Risiti iandikwe namba ya betri, tarehe na muda wa waranti. Kama unaagiza mtandaoni, mtumie muuzaji picha ya betri yako, naye akutumie picha ya ile ile atakayoleta. Wewe ni muuzaji, unajua tofauti ya picha ya mzigo na picha ya Google.

7. Wakati wa kufunga
Kutoa, anza na hasi (-). Kufunga, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Baadhi ya redio za Japani huomba kodi betri ikitolewa, muulize fundi mapema. Betri ya zamani usiitupe: ina risasi na asidi, halafu ina hela. Omba ikatwe kwenye bei ya mpya.

Kazi ya leo: nenda kwenye gari sasa hivi, piga picha namba ya betri, ihifadhi kwenye simu. Siku ikigoma utajua cha kuagiza, hutauziwa kwa presha. Mtumie na mwenzako mwenye kirikuu.