Ua Lililokatwa Bado Lapumua

Miaka michache iliyopita, walimu wa shule moja ya sekondari mjini Tanga tuliazimia kumuaga mwenzetu aliyestaafu baada ya kufundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi niliyopewa mimi ilionekana nyepesi: kutafuta maua. Nilipewa namba ya simu ya mama mmoja anayeuza maua Lushoto, nikampigia. Nilimwuliza bei, nikamwuliza rangi, nikaagiza mawaridi mekundu sitini na kaneshani nyeupe ishirini, kisha nikatuma fedha kwa simu. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika tatu.

Siku ya Jumamosi maua yaliteremka mlimani kwa basi, yakafika Tanga saa nane mchana. Tulipofungua boksi tulikuta mawaridi yameinamisha shingo kama watoto waliokemewa. Kaneshani nazo zilikuwa zimejikunja na kufumba, ingawa muuzaji aliapa kwamba alizifunga zikiwa zimechanua. Mzee wetu aliyapokea kwa heshima zote, akayashika kifuani huku vichwa vyake vikining'inia, na picha ikapigwa hivyo hivyo. Lawama zote zilimwangukia muuzaji. Tulisema ametuuzia maua ya zamani.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na lawama ile ilinisumbua usiku kucha. Kadiri nilivyoyafikiria yale niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yule mama huenda alisema kweli, na kwamba aliyekosea kuagiza nilikuwa mimi.

Akiba isiyoongezwa

Ua likitengwa na mti wake halifi papo hapo. Seli zake zinaendelea kupumua: zinatumia oksijeni kuchoma sukari iliyomo ndani yake, na kutoa kabonidioksidi, maji na nishati. Sehemu ya nishati hiyo hutumika kufungua petali na kuhifadhi rangi, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanyika lilipokuwa mtini. Tofauti ni kwamba sasa hakuna mizizi ya kuleta maji, na ndani ya boksi lenye giza majani machache yaliyobaki hayawezi kufanya usanisinuru. Ua linaishi kwa akiba, kama msafiri aliyefungiwa masurufu ya siku chache.

Je, akiba hiyo itadumu muda gani? Jibu linategemea halijoto kuliko kitu kingine chochote. Katika fiziolojia ya mimea kuna kanuni mashuhuri kwamba kila halijoto ipandapo kwa nyuzi 10 za Sentigredi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi mara tatu, mradi joto lisizidi kiwango cha kuiua seli yenyewe. Hebu tufanye hesabu. Kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 30 ni hatua mbili za nyuzi kumi kumi. Ikiwa kila hatua ni mara mbili, basi ua litatumia akiba yake kwa kasi mara 4 zaidi. Ikiwa kila hatua ni mara tatu, kasi itakuwa mara 9. Safari ya saa 6 katika nyuzi 30 inalizeesha ua sawa na kukaa kati ya saa 24 na saa 54 katika nyuzi 10. Maua yangu yalikatwa Ijumaa jioni, lakini kwa hesabu ya seli zake yalifika Tanga yakiwa na umri wa siku kadhaa. Muuzaji hakuniuzia maua ya zamani. Safari ndiyo iliyoyafanya kuwa ya zamani.

Tena yapo mambo yaliyozidisha hali hiyo. Kwa kuwa ua linapumua, linatoa joto. Mashina themanini yakibanwa pamoja ndani ya boksi lisilo na tundu, joto hilo halina pa kutokea. Maua yanajipasha moto yenyewe, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyozidi kupumua.

Mlima hutoa, bonde hudai

Mji wa Lushoto uko katika Milima ya Usambara, kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, halijoto ya hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 kwa kila meta 1,000 za kupanda. Ndiyo sababu mtu wa Tanga akifika Lushoto mwezi wa Julai hutafuta sweta. Kwa mwaridi ubaridi huo ni neema. Mchana jua la tropiki ni kali na majani hutengeneza sukari kwa wingi. Usiku baridi hupunguza kupumua, na sukari iliyotengenezwa mchana haipotei ovyo. Kwa hiyo shina hunenepa na tumba huwa kubwa. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Naivasha nchini Kenya, na yale ya Arusha hapa kwetu, yamewekwa nyanda za juu kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini neema hiyo haishuki mlimani pamoja na ua. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilometa 33 hivi, yenye kona nyingi, nayo inateremka takriban meta 1,000. Kwa muda mfupi ua linatoka katika hewa ya mlima na kuingia katika hewa iliyo na joto zaidi kwa nyuzi sita au saba, na bado safari ya pwani haijaanza. Ua la baridi likikutana na hewa yenye joto na unyevu, mvuke huganda juu ya petali zake na kuwa matone, kama ilivyo kwa chupa ya maji itolewapo katika jokofu. Matone hayo ni kitanda kizuri cha kuvu wa kijivu ambaye huacha madoa ya kahawia kwenye petali. Ukilifunga ua kwa plastiki ukidhani unalihifadhi, unamtengenezea kuvu nyumba.

Mashamba yanayopeleka maua Ulaya yanalijua jambo hili. Mawaridi yao huingizwa katika chumba cha baridi mara baada ya kukatwa, kisha husafirishwa kwa magari yenye majokofu hadi uwanja wa ndege. Basi letu la abiria halina jokofu, wala hatuna haki ya kulidai.

Kwa nini shingo iliinama?

Joto linaeleza uchovu wa ua, lakini halielezi peke yake ile shingo iliyopinda. Hapo tunahitaji kuyatazama maji. Ndani ya shina mna mirija myembamba ya zilemu, na maji yamo humo kama uzi mmoja usiokatika, unaovutwa kutoka juu na mvuke unaotoka katika majani na petali. Kisu kinapokata shina, uzi huo unarudi ndani ghafla na hewa inaingia mahali pake. Ukiliweka shina majini baadaye, kiputo cha hewa kinaziba njia. Bakteria nao, wakizaliana katika maji machafu ya ndoo, wanaiziba mirija kwa ute wao. Waridi laweza kusimama ndani ya maji tele na bado likafa kwa kiu. Sehemu iliyo laini zaidi, chini kidogo ya tumba, ndiyo huanza kulegea, hasa kama tumba lilikatwa likiwa bado changa mno.

Dawa yake si ngumu, na laiti ningaliikumbuka siku ile. Shina likatwe tena sentimeta mbili au tatu likiwa ndani ya maji, ili kinachofyonzwa kiwe maji badala ya hewa. Waridi lililoinama lilazwe zima katika beseni la maji kwa muda wa saa moja hivi. Mara nyingi huinuka. Katika maji ya chombo, sukari kidogo huongeza akiba, na maji ya limau huyafanya kuwa na asidi inayowapunguzia bakteria nguvu. Wapo wanaotumia dawa ya klorini ya kufulia nguo badala ya limau. Mwanafunzi asije akachanganya vyote viwili kwa wingi akidhani atapata faida maradufu: klorini na asidi vikikutana hutoa gesi yenye sumu.

Gesi iliyozilaza kaneshani

Imebaki ile ajabu ya kaneshani. Zilikuwa zimechanua, zikafumba, na hakuna kiu inayoweza kufanya hivyo peke yake.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wakulima wa maua wa Chicago, Marekani, walipata hasara kubwa kwa maua yao ya kaneshani kufumba ndani ya mabanda ya vioo. Walishuku gesi ya taa iliyokuwa ikivuja katika mabomba. Mwaka 1908 wanasayansi wawili, William Crocker na Lee Knight, walitangaza matokeo ya majaribio yao: sehemu moja tu ya ethilini katika sehemu milioni mbili za hewa, kwa muda wa saa 12, ilitosha kuzifumba kaneshani zilizokwisha kuchanua. Kabla ya hapo, mwaka 1901, Mrusi Dimitry Neljubow alikuwa ameonyesha kwamba ni gesi hiyo hiyo iliyokuwa ikiipotosha miche ya njegere katika maabara yake. Leo tunajua kwamba ethilini ni homoni ya mimea. Mimea yenyewe huitengeneza, na matunda yanayoiva huitoa kwa wingi. Hata moshi wa injini una kiasi chake.

Sasa msomaji afikirie basi linaloteremka kutoka Lushoto. Buti lake limejaa nini? Mafyulisi, plamu, mapeasi, ndizi. Boksi langu lilisafiri kwa saa kadhaa kati ya matunda hayo, katika buti lililofungwa, juu ya barabara yenye joto. Ningetaka kuziua kaneshani kwa makusudi nisingepata chumba bora zaidi.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani bila gharama. Chukua mifuko miwili mikubwa ya plastiki angavu, na katika kila mmoja weka chupa ya maji yenye maua mabichi ya aina moja kutoka bustani ya shule. Katika mfuko mmoja weka pia ndizi mbili zilizoiva. Funga yote miwili, iweke kivulini, na kila asubuhi wanafunzi wahesabu petali zilizoanguka au maua yaliyofumba. Aina nyingine za maua hazijali sana ethilini, nyingine huathirika upesi. Darasa likijaribu aina tatu au nne litaona tofauti hiyo lenyewe.

Watu walikwisha kulikabili tatizo la masafa kwa njia mbalimbali. Mwaka 1910 wauza maua kumi na watano wa Marekani waliungana ili kupelekeana maagizo kwa telegrafu: ujumbe husafiri, na maua hukatwa karibu na mpokeaji. Ua mashuhuri kuliko yote ya Usambara, ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika, lilifika Ujerumani mwaka 1892 likiwa mbegu zilizotumwa na Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Tanga. Na watu wa pwani yetu hawakungoja sayansi: matumba ya asumini huchumwa alasiri, hutungwa, na huvaliwa jioni ile ile yanapofunguka. Biashara nzima imepangwa kuufuata umri wa ua.

Mwaka uliofuata alistaafu mwalimu mwingine. Nilimpigia simu mama yule yule, nikaanza kwa kumwomba radhi. Safari hii tulizungumza karibu nusu saa. Niliacha kaneshani. Tulikubaliana mawaridi yakatwe jioni, yale ambayo petali zake za nje zimeanza kulegea tu, yakeshe kwenye ndoo safi upande wa baridi wa nyumba, yapanguswe umande, yafungwe kwa magazeti, na boksi litobolewe pembeni. Basi liwe la kwanza la alfajiri, na boksi likae ndani na abiria, mbali na matunda na injini.

"Mwalimu," aliniambia, "haya yote nayajua. Mwaka ule wewe uliniuliza bei na rangi."

Boksi lilifika saa tano asubuhi. Kati ya mawaridi sitini, manne yalikuwa yameinama. Tuliyalaza katika beseni la jikoni la shule, na sherehe ilipoanza matatu yalikuwa yamesimama.