Joto la Hewa Linavyofika Mtoni: Wafugaji wa Trauti Wapime Maji Alasiri

Kila kiangazi cha Januari hadi Machi, mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya hupungua na maji yake hupata joto. Kwa mfugaji wa trauti, hilo ni jambo la kufa na kupona. Samaki huyu, aliyeletwa nchini na walowezi Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ni wa maji baridi. Hustawi kati ya nyuzijoto 10 na 16 hivi, huanza kusumbuka maji yakipita 20, na yakikaribia 25 hufa.

Jua ndilo hupasha maji zaidi, kisha hewa yenye joto huongezea lake. Usiku mto hupoa, ila polepole kuliko hewa. Ndiyo maana hewa ikipanda kwa digrii moja, kwa kawaida maji hupanda kwa chini ya hapo. Kijito chembamba hubadilika kwa saa chache tu. Mto wenye kina huchukua siku kadhaa.

Mahali napo pana uzito. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Maji ya Mto Thiba hutoka msituni yakiwa baridi, lakini yakifika tambarare za Mwea yanamfaa zaidi tilapia au kambare. Maji ya chemchemi ni tofauti: yamekaa ardhini, hivyo joto lake hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima, hata katika mchana mkali wa Februari. Mwenye bwawa linalopata maji ya chemchemi ana bahati.

Kinachoua mara nyingi ni uhaba wa oksijeni. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika 25 hubeba 8 tu. Huku mlimani kiasi hicho ni kidogo zaidi, na samaki aliyepata joto huhitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida. Akionekana akitweta juu ya maji, amechelewa kusaidiwa lakini bado yuko hai.

Kivuli husaidia sana. Sheria inatenga kingo za mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake. Miti ya kiasili na mianzi ipandwe hapo, si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Wenye pampu nao wakumbuke kwamba mto uliopungua hupata joto haraka.

Maji yapimwe saa tisa alasiri, si asubuhi, yanapoingia bwawani na yanapotoka. Yakifika nyuzi 20, mfugaji asimamishe chakula, kwa kuwa kusaga chakula tumboni hutumia oksijeni. Aongeze maji yanayoingia, kisha amwite afisa wa uvuvi wa eneo lake.