REDIO YA NYUMBANI: TUSIKIE HABARI MPAKA MWISHO



Mwaka 1984 Serikali ya Uganda iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo fedha hiyo hainunui hata kilo moja ya nyama. Kwa hiyo mwaka 2019, Bunge lilipopitisha muswada mpya wa mshahara wa chini, kambini kwetu habari ilikimbia kama moto wa nyasi. "Mshahara umepanda!" Wenzetu kadhaa walikwenda dukani jioni ile ile wakakopa sukari, vitenge na hata mabati, wakisema watalipa mwisho wa mwezi.

Muswada haukuwa sheria bado. Ulikuwa unangoja sahihi ya Rais, na mwaka huo huo Rais alikataa kuutia sahihi. Waliosikia habari mpaka mwisho walilijua jambo la sahihi tangu siku ya kwanza. Wengi wetu hatukulisikia, maana redio tuliyoizunguka ilikwaruza na kufifia, tukashika neno la kwanza tu. Mwenye duka naye hakutaka kusikia mambo ya sahihi. Alitaka deni lake.

Tangu hapo tumekuwa tukipita katika nyumba za wanachama kutazama redio zao. Tumeona kwamba redio nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima kabisa. Zimewekwa mahali pabaya tu.

Kwanza nyumba zenyewe. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa mabati, na nyingine zina mabati hata ukutani. Bati huzuia mawimbi ya redio. Ukiweka redio katikati ya chumba, juu ya sanduku la chuma, umeifunga gerezani. Isogeze dirishani, upande usio na bati, kisha uinue eriali yake yote.

Halafu tazama herufi zilizo usoni mwa redio. FM ni ya stesheni za karibu. Sauti yake ni safi, lakini mawimbi yake hayavuki kilima vizuri. Anayekaa bondeni chini ya shamba la chai atapata taabu, na mwenzake wa juu mlimani atasikia vema. MW ni mawimbi ya kati. Haya mchana hufika karibu, usiku hufika mbali sana, kwa sababu usiku tabaka la juu la anga huyarudisha chini badala ya kuyameza. Kwa MW eriali ya kuvuta haisaidii. Eriali yake ni kijiti cheusi kilichofungwa nyaya ndani ya redio. Basi izungushe redio yenyewe polepole kama mtu anayegeuza uso, mpaka sauti ipande. Watu wengi hawajui jambo hili dogo, nalo peke yake limeponya redio nyingi.

SW ni mawimbi mafupi, yanayotoka nchi za mbali. Stesheni nyingi za ng'ambo zimeyapunguza au kuyaacha, lakini hayajaisha. Usiku tafuta katika mita 49 na mita 31. Mchana jaribu mita 19 na mita 16. Kama redio yako imeandikwa megahezi badala ya mita, chukua 300 ugawe kwa hesabu hiyo: megahezi 6 ni mita 50, megahezi 15 ni mita 20. Zungusha kitufe taratibu sana, maana stesheni za SW zimebanana kama abiria wa basi la sikukuu.

Saa nazo huwapoteza watu. Stesheni za nje hutaja saa za GMT. Ondoa 3 utapata saa yetu ya Kiswahili: saa 15 ya GMT ni saa 12 jioni. Ikizidi 12, ondoa 12 tena: saa 16 ya GMT ni saa 1 usiku.

Kwa SW waya wa nje husaidia sana. Tafuta waya mwembamba wa shaba wa mita kumi hivi. Ufunge kutoka dirishani mpaka kwenye mti au mlingoti, usiguse bati, na uwe mbali kabisa na nyaya za umeme. Ncha ya ndani ibane kwenye eriali kwa kibanio cha nguo. Usiongeze urefu kwa tamaa: redio ndogo ikipokea kupita kiasi, stesheni huchanganyika.

Hapa tunaomba msikilize sana. Mawingu yakianza kukusanyika, toa waya huo na uutupe nje kabla ya radi, wala usiushike ngurumo zikiwa zimeanza. Nchi yetu ina radi kali. Juni 2011 radi iliua wanafunzi wengi wa shule moja ya msingi katika wilaya ya Kiryandongo. Hakuna habari ya redio inayofaa kufiwa.

Ikiwa redio bado inanguruma, zima chaja za simu na taa za umeme moja moja, usikilize ni ipi inayoleta kelele. Kwa walio karibu na kiwanda, peleka redio ya betri uwanjani mbali na mashine. Ikisikika vizuri huko, usimpe fundi fedha yako.

Betri zisichanganywe mpya na kuukuu. Redio ikikaa bila kazi, zitoe, maana huvuja na kula chuma. Wenye sola ya volti 12 wasiiunganishe moja kwa moja na redio ya betri nne, ambayo ni ya volti 6, tumeshaona zilizoungua.

Vijana wanatuambia simu zao zina FM. Ni kweli, na waya wa spika za masikioni ndio eriali yake, kwa hiyo unyooshwe. Lakini simu ya masikioni husikilizwa na mmoja, naye ndiye atakayewasimulia wengine, nasi tumekwisha kuona mambo ya kusimuliwa.

Katika kambi yetu sasa redio moja hukaa kibarazani saa ya habari, na mwenzetu ajuaye kuandika hushika daftari. Huandika nani amesema, amesema nini, na jambo linaanza lini. Ikiwa ni sheria, huandika pia kama imetiwa sahihi. Walio zamu ya usiku huisoma daftari hiyo asubuhi, wakitoka kiwandani, kabla hawajafika dukani.