NerveGear: Kofia Ambayo Nusu Yake Rahisi Ndiyo Inayoua

Je, wajua kwamba asilimia 30 ya uzito wa kofia iitwayo NerveGear ni betri? Kofia yenyewe haipo duniani. Imo ndani ya Sword Art Online, hadithi ya kubuni ya Mjapani Kawahara Reki, lakini mwandishi alijisumbua kupiga hesabu hadi ya betri. Alikuwa na sababu. Bila betri hizo mama angechomoa waya ukutani, mtoto akaamka, na hadithi ikaishia ukurasa wa ishirini.

Kawahara aliiandika kwa ajili ya shindano la riwaya la mwaka 2002. Ikawa ndefu kupita kiwango kilichoruhusiwa, basi akaiweka mtandaoni kwa jina la bandia, watu wakaisoma bure kwa miaka kadhaa. Kitabu cha kwanza kilichapishwa Aprili 2009, na mwaka uliofuata mchoraji Nakamura Tamako akaanza kuigeuza katuni.

Kisa chenyewe kinaanza tarehe 6 Novemba 2022. Wachezaji 10,000 wanavaa kofia, wanalala vitandani mwao, na kuamkia Aincrad, ngome inayoelea angani yenye ghorofa 100. Kufikia jioni wanagundua kwamba kitufe cha kutokea hakipo. Muundaji wa gemu, Kayaba Akihiko, anawatokea na kuwasomea masharti. Atakayekufa mchezoni, kofia itamchoma ubongo kwa mawimbi kama yale ya maikrowevu. Atakayevuliwa kofia kwa nguvu, vivyo hivyo. Umeme ukikatika kwa dakika 10, au mtandao kwa saa 2, hukumu ni ileile. Njia ya kutoka ni moja tu: kupigana hadi ghorofa ya 100. Wakati anasema hayo, watu 213 wameshakufa, kwa kuwa jamaa zao hawakuamini onyo wakawavua kofia.

Zile saa 2 zinanifurahisha kuliko mapanga yote ya kitabu. Ndizo zinazowapa madaktari nafasi ya kuwahamishia wagonjwa hospitalini, ambako miili italishwa kwa mirija huku wenyewe wakikimbizana na mazimwi. Hata muuaji amekumbuka kwamba mateka wake wana miili.

Katika katuni, mchoraji anapata nafuu ambayo wenzake wa hadithi za vita hawana. Damu haichorwi. Kila mhusika ana mstari wa uhai unaotoka kijani, ukawa njano, kisha mwekundu, na ukiisha mwili hupasuka vipande vipande kama kioo na kutoweka. Msomaji anaujua mstari huo vizuri kuliko sura ya mhusika.

Sasa tuigeukie kofia. Kazi yake ni tatu, mbali na ile ya kuua: kusoma amri za ubongo, kuuzuia mwili usizitii, na kuuletea ubongo hisia za uongo.

Ya pili tunayo tayari, na haihitaji betri. Kila usiku, katika usingizi wa ndoto, shina la ubongo hulegeza misuli ili anayeota anakimbia asiruke kitandani. Mara nyingine mtu huzinduka kabla misuli haijafunguliwa. Aliyewahi kukabwa na jinamizi, macho yanaona na mkono haunyanyuki, ameonja kipande cha NerveGear bila kulipa hata senti.

Kusoma ubongo kulianza zamani kidogo. Mjerumani Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kupitia ngozi ya kichwa mwaka 1924. Shida ni fuvu: linachanganya ishara za mamilioni ya seli, hivyo kwa nje tunaona kwamba mtu amesinzia au amepata kifafa, ila hatuoni kwamba anataka kugeuza upanga kushoto.

Kazi ya tatu ndiyo mlima. Kifaa kilichofika mbali kuliko vingi ni kile kinachopandikizwa sikioni kwa viziwi. Kinapeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, kwa elektrodi 12 hadi 22, kufanya kazi ya seli zipatazo 15,000. Kinahitaji upasuaji, na mtumiaji hujifunza upya kutambua sauti. Hiyo ni hisia moja tu. Ndani ya Aincrad, msichana Asuna anachanganya viungo vya gemu mpaka anapata ladha halisi ya mayonezi na ya mchuzi wa soya. Hakuna maabara inayoikaribia meza hiyo.

Kuua, kwa upande mwingine, kumeshajaribiwa. Palmer Luckey, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Oculus na kuiuza kwa Facebook kwa dola bilioni 2, sasa anatengeneza silaha. Tarehe 6 Novemba 2022, siku ileile ya kwenye hadithi, alitangaza kwamba ameunda kofia ya uhalisia pepe inayomuua mvaaji anaposhindwa. Maikrowevu yalimshinda, kwa kuwa yangehitaji mitambo mikubwa mno kuning'inia kichwani, hivyo akaweka baruti tatu juu ya paji la uso. Kihisi cha mwanga huzilipua kioo kinapomweka rangi nyekundu kwa kasi maalumu, ili gemu yoyote iweze kutoa hukumu.

Kwa maelezo yake, hiyo ni sanaa ya kupamba ofisi, na hajathubutu kuivaa. Akakiri pia, nusu kwa utani, kwamba amefika katikati ya safari ya kuunda NerveGear ya kweli, isipokuwa nusu aliyoipata ni ile inayoua.