Pedi Mpya Sio Breki Mpya

Wengi wetu tunayafahamu magari ya zamani ya Land Rover kwa sababu ndiyo yanayotupeleka fildi. Tunajazana nyuma, mabegi juu ya keria, dereva anashuka Kitonga, na hakuna anayeuliza breki za nyuma zilikaguliwa lini. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo na likizo nyingi nazimalizia gereji kwa mjomba. Nilichojifunza pale ni hiki: pedi zikiisha, kuweka mpya sio matengenezo kamili. Kwanza uliza kwa nini zimeisha.

Tuchukue Discovery ya toleo la kwanza, ya miaka ya 1989 hadi 1998. Ina diski magurudumu yote manne. Nyuma, kila kalipa ina pistoni mbili zinazotazamana. Ukikanyaga breki, mafuta yanazisukuma na pedi zinabana diski pande zote mbili. Ukiachia, sili ya raba inairudisha pistoni kidogo sana, na diski inakuwa huru.

Shida ni matope na kutu. Pistoni ikiota kutu inakwama. Dalili yake unaiona kwa macho: pedi ya upande mmoja bado nene, mwenzake imefika chuma. Hapo ukiweka pedi mpya tu, muda si mrefu utarudi palepale.

Kabla ya kuinua gari, zuia matairi ya mbele kwa mawe makubwa. Handbreki ya Discovery haishiki magurudumu ya nyuma, inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lizunguke, na gari linaweza kutembea hata kama handbreki umeivuta. Weka stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake usiiamini.

Ukishatoa tairi, chomoa pini mbili zinazoshika pedi. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa kompresa, maana pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na asbesto inaleta saratani. Kisha sukuma pistoni zirudi ndani taratibu, huku ukiangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike, kwa sababu yanakula rangi ya gari. Pistoni ikigoma kurudi, kalipa ifunguliwe, iwekewe sili mpya, na pistoni iliyoliwa na kutu ibadilishwe.

Halafu pima diski kwa vernia, sehemu kadhaa, ndani ya ule ukingo usiosuguliwa. Ikiwa chini ya kipimo cha kitabu cha gari, badilisha zote mbili, kushoto na kulia. Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapokwepa. Diski imefungwa nyuma ya habu, kwa hiyo lazima utoe shafti, ufungue nati, uchomoe habu nzima, na wakati wa kurudisha uweke sili mpya, grisi, na kurekebisha beringi upya. Ni kazi ya siku, ndiyo maana utaambiwa, "Hii bado nzima, bosi."

Sio nzima. Diski iliyokonda inapata moto haraka zaidi, na moto huo unaingia kwenye mafuta. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini yananyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya, kiwango kinachoruhusiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Fikiria hilo likitokea katikati ya mteremko, mko kumi ndani.

Kwa hiyo kazi inaisha kwa kuweka mafuta mapya na kutoa upepo wote kwenye mfumo. Kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea, kisha jaribu kwa mwendo mdogo mahali tambarare.

Nanyi msiogusa spana, safari ijayo sikilizeni. Nyuma kukisaga chuma kwa chuma, au gurudumu moja likitoa joto kuliko mwenzake, mwambieni dereva asimame. Fildi inaweza kuahirishwa.