Nani Alilimaliza Salio la Italia?

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniletea swali ambalo vijiweni halikosi majibu ya haraka: timu ya watu 11 ikifungwa, je, kisayansi ni haki kusema fulani ndiye aliyetufungisha? Alitaka nianze na takwimu za pasi, mbio na mipira iliyopotea. Hizo nitaziruka, maana runinga siku hizi inazimwaga kabla hata ya mapumziko. Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi, na mahali pazuri pa kuionesha ni kwenye mikwaju ya penalti ya fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994.

Tarehe 17 Julai mwaka huo, katika uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, Marekani, Brazil na Italia walicheza dakika 120 kwenye jua la mchana, mbele ya watazamaji zaidi ya 94,000, wakatoka suluhu. Ikaja zamu ya penalti. Mkwaju wa mwisho aliupiga Roberto Baggio, mpira ukapaa juu ya mwamba, Brazil wakawa mabingwa. Muulize mtu yeyote aliyefuatilia mashindano yale ni nani aliyeikosesha Italia kombe, atakutajia jina hilo kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa tuipitie mikwaju yote kwa zamu yake. Italia walianza. Franco Baresi, beki aliyefanyiwa upasuaji wa goti katikati ya mashindano hayohayo, akapaisha. Márcio Santos wa Brazil akapiga, kipa Gianluca Pagliuca akaokoa. Albertini akafunga, Romário akafunga. Evani akafunga, Branco akafunga. Mbili kwa mbili. Daniele Massaro akapiga, kipa wa Brazil, Taffarel, akaokoa. Dunga akafunga. Ndipo Baggio akasogea, Italia wakiwa na 2 na Brazil 3.

Waitaliano watatu walikosa. Ubao wa matokeo unawahesabia sawa, kosa moja kwa kila mmoja, ilhali kumbukumbu za mashabiki zinambebesha mzigo wote mmoja. Ninachotaka kukipima ni kitu cha tatu.

Wataalamu wa takwimu za michezo hukadiria, katika kila hatua ya mchezo, timu ina uwezekano gani wa kushinda kwa hali ilivyo wakati huo. Kisha hutazama kila tukio limeupandisha au kuushusha uwezekano huo kwa kiasi gani. Kipimo hiki kinahitaji jina la Kiswahili lenye uhai. “Uwezekano wa ushindi” ni sahihi, lakini jina hilo limesimama tu, halimwoneshi msikilizaji kwamba kuna kitu kinachotumika na kupungua. Nusura nichague “mtaji”, ila mtaji kila mtu huja na wake, na hapa timu zinazolingana huanza na kiasi kilekile. Nimekiita salio la ushindi, na jina hili nitalitetea popote.

Mwenye simu yoyote anajua salio linavyokwenda. Linapungua kwa miamala, mingine mikubwa, mingine midogo, na muamala uliolifikisha kwenye sifuri si lazima uwe ndio uliokula fedha nyingi. Huenda asubuhi ulilipa ada ya mtoto, mchana ukanunua umeme, jioni ukanunua kifurushi cha mia tano na salio likaisha. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kifurushi ndicho kilichomfilisi. Salio la mpirani lina tabia moja ya ziada: kinachotoka kwangu kinaingia kwako papo hapo, bila makato ya njiani, kwa hiyo masalio ya timu mbili ukiyajumlisha siku zote ni 100. Mchezo unaanza 50 kwa 50. Unaisha mmoja ana 100 na mwenzake hana kitu. Katikati ndipo penye taarifa ya miamala, na anayetaka kujua fedha zilikwenda wapi hana budi kuisoma yote, mstari kwa mstari.

Tuisome basi ya Italia. Tuchukue kwamba kila mpigaji ana nafasi tatu kati ya nne za kufunga, kiwango kilicho karibu na kile kinachoonekana katika soka la ngazi ya juu, na kwamba mikwaju ya mmoja mmoja, ikifikiwa, ni nusu kwa nusu. Kabla ya Baresi, Italia walikuwa na 50. Mpira wake ulipopaa wakabaki na 29. Márcio Santos naye akakosa, zile 50 zikarudi. Mikwaju minne iliyofuata iliingia yote, hivyo baada ya raundi tatu hali ilikuwa sawa kwa sawa. Massaro alitenga mpira akiwa na 50 mkononi. Taffarel alipookoa, zilibaki 20 pungufu kidogo. Dunga akafunga, zikashuka hadi 9. Hizo 9 ndizo alizokabidhiwa Baggio.

Kwa nini 9 tu? Kwa sababu ili Italia wabebe kombe, mambo matatu yalipaswa kufuatana: Baggio afunge, mpigaji wa tano wa Brazil akose, kisha Italia washinde mikwaju ya mmoja mmoja. Robo tatu mara robo moja mara nusu ni tatu ya thelathini na mbili, yaani asilimia 9 na ushee. Angefunga, salio lingepanda hadi 12.5 na kuishia hapo. Nafasi saba kati ya nane za kombe zingebaki kuwa za Brazil, hata kama mkwaju wa Baggio ungechana nyavu.

Taarifa ya miamala ya penalti za Italia, basi, inasema hivi: Baresi 21, Massaro 30, Baggio 9. Yule ambaye dunia ilimfanya bangusilo ndiye aliyetumia kidogo kuliko wote watatu. Na hapo hatujagusa mapato. Katika hatua ya mtoano Italia walifunga mabao 6 kabla ya fainali, na 5 kati ya hayo ni ya Baggio: mawili dhidi ya Nigeria, la kwanza zikiwa zimebaki dakika chache Italia watolewe, la ushindi dhidi ya Hispania, na mawili dhidi ya Bulgaria katika nusu fainali. Bila yeye, Waitaliano wengine wangeitazama fainali hiyo nyumbani kwao.

Kwa nini basi lawama ikamwendea yeye? Mwaka 1990 wanasaikolojia Dale Miller na Saku Gunasegaram walichapisha jaribio dogo ambalo kila mara nikilifikiria linanishangaza upya. Waliwaomba watu wafikirie wachezaji wawili, Jones na Cooper. Kila mmoja anarusha sarafu. Zikiangukia upande mmoja, kila mmoja anapata dola 1,000. Zikitofautiana, wote wanatoka kapa. Jones anarusha kwanza, inatua kichwa. Cooper anarusha, inatua mwenge. Hakuna anayelipwa. Nani atajisikia mwenye hatia zaidi? Nani atalaumiwa na mwenzake? Zaidi ya watu wanane kati ya kumi walimtaja Cooper.

Sarafu hazina ustadi wala uzembe. Laiti ya Jones ingetua mwenge, wangelipwa vilevile. Lakini kinachotokea kwanza, akilini mwetu, hugeuka kuwa ardhi ya kusimamia, jambo lililokwisha kuwa. Tunapojisemea “laiti”, tunaishika kamba kwenye ncha ya mwisho, maana ndiyo bado tunaiona inachezacheza. Mkwaju wa Baresi umeshakuwa sehemu ya mandhari; wa Baggio bado tunauona ukiweza kuingia. Akili inaipanga lawama kwa zamu ya matukio, haiipangi kwa ukubwa wake.

Hili haliishii kwenye penalti. Tarehe 26 Mei 2018 mjini Kyiv, Liverpool walifungwa 3 kwa 1 na Real Madrid katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na dunia nzima ikamgeukia kipa Loris Karius. Dakika ya 51 alirusha mpira kwa mkono, Benzema wa Real Madrid akanyoosha mguu, bao. Dakika ya 83 akalishindwa shuti la mbali la Bale. Makosa ya wazi, na siyafichi. Ila soma taarifa. Kosa la kwanza lililipwa baada ya dakika nne tu, Mané aliposawazisha: fedha zilirudi. La pili lilitokea Liverpool wakiwa nyuma tayari, zimebaki dakika saba, salio likiwa chenji. Muamala mkubwa uko katikati, dakika ya 64, tikitaka ya Bale aliyekuwa ameingia uwanjani dakika tatu nyuma. Bao hilo halina wa kumlaumu, kwa hiyo katika mjadala wa lawama likaachwa kando kana kwamba halikufungwa. Siku chache baadaye madaktari wa Massachusetts General Hospital huko Boston walitangaza kwamba Karius alipata mtikisiko wa ubongo wakati wa mchezo huo.

Hesabu hii pia hushitaki, haitetei tu, na Waafrika tuna kesi yetu. Tarehe 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Soccer City, Johannesburg. Ghana na Uruguay wako 1 kwa 1, sekunde za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Dominic Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, mpira unaelekea wavuni, Luis Suárez anauzuia kwa mkono langoni. Kadi nyekundu na penalti. Kabla ya mkono ule Ghana walikuwa karibu na 100. Baada yake walikuwa na 87.5: robo tatu za kufunga, na kwa robo iliyobaki, nusu ya mikwaju. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Zikabaki 50. Muamala wa 37.5, mara nne ya ule wa Baggio, na hakuna njia ya kuupunguza.

Hata hivyo endelea kusoma. Kwenye mikwaju iliyofuata Gyan alipiga wa kwanza kwa Ghana, akafunga. John Mensah akakosa, kwa hesabu ileile akaondoka na 26. Maxi Pereira wa Uruguay akapaisha, matumaini yakarudi, kisha Adiyiah, yuleyule wa kichwa, akakosa na kuondoka na 30. Gyan, Mensah, Adiyiah: miamala mitatu inayokaribiana, na jina moja tu limebaki midomoni. Na Gyan huyo ndiye aliyefunga mabao ya Ghana dhidi ya Serbia na Australia, pamoja na lile la ushindi dhidi ya Marekani.

Wachezaji si sarafu, na si kila mpigaji ana robo tatu zilezile. Ukibadilisha kiwango, tarakimu zitasogea, lakini mpangilio wa Pasadena haubadiliki kirahisi. Tuendelee.

Je, hakuna mtu mmoja anayeweza kuifungisha timu? Yupo, lakini si yule anayetafutwa. Mwaka 1993 mwanauchumi Michael Kremer, aliyewahi kufundisha na kufanya utafiti magharibi mwa Kenya na ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi wa Nobel ya uchumi, aliandika nadharia aliyoipa jina la pete za mpira zilizoziba viungio vya roketi za chombo cha anga Challenger. Tarehe 28 Januari 1986 pete za kiungio kimoja zilikakamaa kwa baridi, chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Maelfu ya vipuri vingine havikuwa na tatizo. Kremer alionesha kwamba kuna kazi ambazo ubora wa washiriki haujumlishwi, unazidishwa.

Chris Anderson na David Sally, katika kitabu walichokitoa mwaka 2013, waliipeleka hoja hiyo kwenye soka. Chukua shambulizi linalopita kwa wachezaji saba, kila mmoja akiwa na uhakika wa asilimia 90 wa kuufikisha mpira kwa mwenzake. Litafika mwisho mara 48 kati ya 100. Mfanye mmoja awe malaika asiyekosea kamwe: linafika mara 53. Mshushe mmoja hadi asilimia 50: linafika mara 27. Juu hakuna nafasi ya kupanda, chini ni shimo. Ndiyo maana wawili hao walihitimisha kwamba katika soka kumwimarisha mchezaji dhaifu kuliko wote kunaleta pointi nyingi kuliko kumwimarisha nyota. Mpira wa kikapu ni tofauti: watu watano, nyota anaweza kuugusa mpira karibu kila shambulizi, na udhaifu wa mmoja unafichika.

Udhaifu wa namna hiyo hauna picha ya marudio. Ni beki wa pembeni anayechelewa nusu hatua kwa dakika 90, akiwalazimisha wenzake watatu wasogee kumfunika, hadi bao linaingia upande ambao yeye hayupo kabisa. Kipa ataonekana kwenye picha, beki hataonekana.

Tena mara nyingi udhaifu huo ni uchovu, na uchovu una ratiba. Mtafiti Bret Myers alichapisha mwaka 2012 kanuni ya mabadiliko kwa timu iliyo nyuma: wa kwanza aingie kabla ya dakika ya 58, wa pili kabla ya 73, wa tatu kabla ya 79. Katika mechi alizozichunguza, timu zilizofuata ratiba hiyo zilipunguza au kufuta pengo mara nyingi zaidi kuliko zilizochelewa. Beki aliyekwisha miguu dakika ya 60 akaachwa hadi ya 80 hakujiacha mwenyewe. Aliyemwacha amekaa benchi, na jina lake halimo kwenye orodha ya wale 11 ambao msomaji wa Morogoro aliniuliza habari zao.