Kuchagua mungu wa kutumainia: habari kutoka Islandi

Kobalti yenye wandugu wetu wanatoa ku Kolwezi inabeba jina ya pepo. Si maneno ya ku nganda. Mu milima ya Saksonia, kule Ujerumani, wachimbaji wa zamani walikuwa wanatafuta feza. Mara nyingine walikuta mawe yenye kungaa, wakayabeba, wakayatia mu moto, na feza haikutoka: kulitoka tu moshi yenye sumu. Wakasema ni Kobold njo amewachezea, pepo wa chini ya udongo, ameiba feza na kuwaachia uchafu. Karibu mwaka 1735, Georg Brandt, mwanasayansi wa Suede, akaonyesha kama mu mawe ile kuko metali yenye ilikuwa haijajulikana bado. Metali ikapata heshima, jina ya pepo ikabakia. Nikeli pia ilipita njia ile ile.

Tunaanzia hapo kusudi musomaji asifikiri kama mizimu ya shimo ni mambo ya kwetu tu.

Wachimbaji wale hawakumuchagua Kobold. Walimukuta mu shimo, wakamuogopa. Leo huko Ulaya na Marekani kuko watu wenye wanafanya jambo ingine kabisa: wameacha kanisa, ao hawakuzaliwa mu kanisa, na wanarudilia miungu ya wazungu wa kale, ile yenye wamisionere walifukuza huko kwao mbele ya kufika kwetu. Wanajiita wenyewe wapagani, neno yenye kwetu mutu anatupiwa kama jiwe. Na kwa sababu miungu ile ni mingi na siku za mutu ni chache, wanajikuta mbele ya ulizo moja nguvu: kati ya wote, nitamuheshimu nani?

Tumeangalia zaidi inchi ya Islandi, juu kule jambo hii haifichwe. Ni kisiwa cha baridi na volkano, mbali kaskazini. Watu wake wote hawafikie 400,000, Lubumbashi inaweza kuwameza mara kadhaa. Karibu mwaka 1000, mukutano mukubwa wa inchi ulikata shauri kama wote wabatizwe. Miaka mia tisa na zaidi ikapita. Halafu mu 1972, mufugaji wa kondoo mwenye alikuwa pia mutunga mashairi, Sveinbjörn Beinteinsson, akaanzisha na wenzake chama, Ásatrúarfélagið, cha kuheshimu tena miungu ya zamani. Mwaka uliofuata serikali ikakiandikisha kama dini. Leo kiko na watu zaidi ya 5,000. Hakuna kuhubiri mulango kwa mulango. Wanakutana, wanakula pamoja, wanazungusha kinywaji mu pembe, na kila mutu anataja ule mwenye anataka kuheshimu.

Anaweza kumutaja Thor wa ngurumo, Freyja wa mapendo, Njord wa bahari, Freyr wa mavuno, ao Odin wa vita na maarifa. Wengi hawajifunge na mumoja: wanaita kila mumoja kwa wakati wake. Lakini kuko wenye wanatafuta wa pekee, zaidi kati ya wafuasi wa inchi zingine, na wanamuita kwa neno ya zamani ya Kiislandi, fulltrúi, ni kusema yule unamutumainia kabisa. Mu Kiislandi cha leo neno hiyo imekuwa ya ofisi: ni mujumbe, mwenye kusimama pa nafasi yako. Mutumishi wa kampuni ataelewa mbio. Ni delege wa sendika. Tofauti ni kama delege unamupigia kura, na akikusahau unamutoa.

Wanamupata namna gani? Mwengine anaanza na jina yake, juu majina mingi ya Islandi inabeba Thor ndani. Mwengine ameota ndoto. Mwengine ana mugonjwa mu nyumba. Mwengine anafuata kazi yake: mwenye kuishi na nyundo anaenda kwa Thor, mwenye nyundo kubwa. Hapa wachimbaji wetu watacheka, sababu Thor hakuitengeneza nyundo ile. Hadithi inasema ilifuliwa na ndugu wawili wafupi, jamaa ya watu wa ndani ya mawe. Wakati wa kazi inzi akamuuma ku kope yule wa kuvukuta moto, damu ikamufunika jicho, akaacha moto kidogo kusudi ajipanguse, na mupini ikatoka mufupi. Aksida ya kazi, kwa kifupi. Jasho ni ya wale wa chini, sifa ikaenda kwa mwenye kushika nyundo kule juu. Tunaijua habari hiyo.

Hadithi za kale za Islandi zinasema mingi juu ya kuchagua. Thorolf, mukubwa mumoja wa Norveji, aligombana na mufalme wake, akamuuliza Thor kama abakie ao ahame. Akahama. Kisiwa kilipoonekana, alitupa mu bahari nguzo za kiti chake, zenye sura ya Thor, na pale maji ilizipeleka njo alijenga. Helgi, mwenye walimuita Mwembamba, alikuwa muntu wa pande mbili: alimuamini Kristo, hata shamba yake aliipa jina ya Kristo, lakini kwa safari ya bahari na mambo ya nguvu alimuita Thor. Hatutamucheka. Ku shimo tunajua watu wa Yesu ya siku ya Mungu na wa kitu ingine siku ya kushuka.

Hadithi yenye ilitusimamisha ni ya Hrafnkel. Huyu alimupenda Freyr kupita wote. Alimujengea hekalu, na kila kitu kizuri alikuwa nacho aligawanya naye nusu kwa nusu. Alikuwa na farasi moja, Freyfaxi. Nusu yake ya Freyr. Akaapa: mutu yeyote mwenye atamupanda bila ruhusa yake, atamuua. Sasa kulikuwa kijana Einar, mutoto wa masikini, mwenye aliingia kwake kazi ya kuchunga kondoo. Hrafnkel alimuonya. Siku moja kondoo wakapotea. Einar akataka kukamata farasi wa kuwatafutia. Wote wakakimbia, Freyfaxi peke yake akasimama kimya. Kijana akampanda muchana yote, kondoo akawapata. Farasi akarudi ku nyumba na jasho na udongo. Hrafnkel akamuua Einar kwa shoka, na akasema wazi kama angemusamehe, lakini alikuwa ameapa.

Tuangalie vizuri: Freyr hakuomba kiapo ile. Hrafnkel njo alijipandishia bei mwenyewe, halafu mwenye kulipa akawa mutoto wa mutu mwengine, mutumishi, mwenye alikuwa anatafuta kondoo za patroni. Baba ya Einar akapata watu wa kumusimamia mu tribinali. Hrafnkel akashindwa, akafukuzwa pa shamba, farasi akasukumwa ku mwamba, hekalu ikachomwa. Aliposikia, akasema ni upumbafu kutumainia miungu, hakutoa tena sadaka hata moja. Akaanza upya, akatajirika tena, na watu wakamupenda kuliko zamani.

Njo maana wapagani wengi wa leo wenye akili wanawaambia wapya: heshimu, toa kidogo, ngoja, usiape mbio. Tunawapa haki hapo. Mu kariere zetu kuko wenye wanaenda kwa mufumu kutafuta muishipa wa madini, na wanaahidi mambo yenye bibi na watoto hawakuulizwa. Kuko pia pasta wenye wanadai mushahara muzima kama mbegu. Wakati feza haikuja, mara mingi macho inageuka kwa mutoto mumoja wa nyumba: yeye njo mulozi. Bei ilikatwa na mutu mukubwa, Einar analipa.

Kuna tofauti moja na desturi zetu, na si ndogo. Kwa Waluba, mutu hachague pepo kama kitambaa ku soko. Ni pepo njo inamukamata mutu na kumufanya kilumbu. Jina ya babu inarudi kwa mujukuu mbele mutoto ajue kusema. Hata Sainte Barbe, musaidizi wa wachimbaji, mwenye sikukuu yake ni tarehe 4 Desemba, wachimbaji wa leo walimukuta akingojea. Muislandi wa leo, yeye, muzingo wake ulikatwa karibu miaka elfu; anapaswa kuchagua sababu hakuna bibi wa kumuonyesha. Wengine kati yetu watamuonea wivu uhuru ule. Sisi tunaona pia upweke ndani.

Ku karatasi, mambo ni mepesi: kule Islandi mutu wa miaka 16 anabadilisha dini yake kwa kujaza fomu ya serikali, na serikali inalipa dini ile kiasi fulani kwa kila mutu mukubwa mwenye ameandikwa. Chama kile kilianza kujenga hekalu mu 2015, ku kilima cha Öskjuhlíð mu Reykjavík. Kama makanisa mingi ya mitaa yetu, kazi imechelewa, juu ya feza.